Kufuli lililomfungia nje mwazimaji: kisa cha maktaba na mchapishaji mkoani Dodoma

Kisa hiki ninakiandika kwa wakutubi na wachapishaji wadogo wanaojiuliza kama waanze kuazimisha vitabu vya kidijitali. Nilikuwamo tangu siku ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kugeuza faili za vitabu kuwa EPUB, yaani muundo wa faili wa vitabu vya kidijitali, kuziweka kwenye mfumo, na kupokea simu mambo yalipokwama. Majina ya mchapishaji, maktaba, wilaya na programu ya kwanza nimeyaondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Usuli

Mchapishaji ana ofisi ya vyumba viwili Dodoma mjini na orodha ya vitabu 38: hadithi za vijana, mashairi, na vitabu vya ziada vya sekondari. Huchapishia Dar es Salaam. Kila boksi linalopanda lori kuja huku linakuja na nauli yake, na likishuka stendi linahitaji nauli nyingine ya kwenda wilayani. Kwake vitabu vya kidijitali vilikuwa njia ya kuikwepa barabara hiyo.

Maktaba iko mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka mjini. Ni maktaba ya jamii iliyo ndani ya uzio wa shule ya sekondari: chumba kimoja cha kusomea, kompyuta nne, mkutubi mmoja. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu, kwa hiyo walimu wa shule ile walikuwa na kifaa cha kusomea mkononi. Wanafunzi hawakuwa nacho. Walichokuwa nacho ni simu janja ya mama, ya kaka au ya jirani, kwa zamu, jioni, ikiwa na chaji. Jambo hilo tulilijua sote, na hakuna aliyeliandika kwenye mkataba.

Msomaji ambaye hajawahi kushughulika na mambo haya ajue kwanza tofauti moja. Kitabu cha karatasi maktaba inakinunua, inakigonga muhuri, na kuanzia hapo inakiazimisha mpaka kurasa zichanike. Hakuna anayempigia mkutubi simu kuuliza kimeazimwa mara ngapi. Kitabu cha kidijitali hakinunuliwi hivyo. Maktaba inanunua ruhusa, yaani leseni, na ruhusa hiyo ina upana ule tu ulioandikwa kwenye mkataba na kufungwa ndani ya programu. Mkataba ukikosewa, hakuna desturi ya kuangukia.

Mkataba wa kwanza

Mchapishaji alikuja mezani na jeraha. Miaka miwili kabla alimpa mwalimu mmoja faili ya PDF ya kitabu cha ziada ili akipitie, na baada ya mwezi faili ile ilikuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi mikoa ya jirani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alitaka kufuli, na alitaka kufuli kubwa.

Masharti yakawa haya. Kila mwazimaji afungue akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe, na akaunti moja isizidi vifaa vitatu. Programu iwasiliane na seva kila baada ya saa 72, vinginevyo kitabu kijifunge. Muda wa kuazima uwe siku 14, nakala moja kwa msomaji mmoja. Kunakili maneno kuzuiwe kabisa. Na kila leseni iishe kitabu kikishaazimwa mara 26, maktaba inunue nyingine.

Namba 26 ilikuwa na historia yake. Mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins ya Marekani iliwawekea wakutubi kikomo hicho hicho, kwa hesabu kwamba kuazimwa mara 26 kwa wiki mbili mbili ni mwaka mzima wa kitabu kisichopumzika. Wakutubi wa huko walilalamika sana na wengine wakatangaza kususia. Mchapishaji wetu aliipenda kwa kuwa ni namba inayoeleweka, na mimi sikuipinga. Nilipaswa kuuliza swali moja nikiwa na nafasi: kuazima kunahesabiwa lini? Mwanafunzi akibonyeza kitufe, faili ikishuka kwenye simu, au kitabu kikifunguka? Sikuuliza. Programu ilihesabu kitufe.

Januari hadi Mei

Wiki ya kwanza tu mkutubi aligundua kwamba wanafunzi wake wengi hawana barua pepe. Akaanza kuwafungulia mmoja mmoja. Kila akaunti ilihitaji namba ya simu ya kupokea msimbo wa uthibitisho, kwa hiyo msimbo ulikwenda kwa baba aliyekuwa shambani, au kwa laini iliyokwisha kubadilishwa. Nywila zilisahaulika. Mkutubi akawa anaziandika kwenye daftari lake la kaunta kwa kalamu nyekundu, na hapo ule usalama tuliolipia ukaishia kwenye droo isiyo na ufunguo.

Kikomo cha vifaa vitatu kiliisha haraka. Simu ya kaka ni kifaa kimoja, simu ya mama cha pili, kompyuta ya maktaba cha tatu. Simu ya mama ikigoma, fundi akaifuta yote na kuirudisha upya, mfumo uliiona kama kifaa cha nne.

Ule ukaguzi wa saa 72 ulikuwa mzigo mwingine. Mtu wa mjini anayeishi na intaneti saa zote hauoni kabisa. Kijijini bando hununuliwa siku ya kazi, likaisha, na likakaa limeisha. Kitabu kilichoazimwa Ijumaa kilijifunga Jumatatu, na kukifungua ilibidi mzazi anunue bando kwa ajili ya kitabu ambacho tayari kilikuwa ndani ya simu.

Kuna tukio moja nililolishuhudia mwenyewe. Binti wa kidato cha tatu aliingia na simu ya mama yake, kioo kimepasuka kona, kifuniko cha nyuma kimekazwa kwa mpira wa kufungia noti.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwanangu. Kimegoma tena?"

"Jana asubuhi kilikuwa kinafunguka. Sasa kinasema leseni bado haijaanza."

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile, na kila mara alitembea zaidi ya nusu saa kuja. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeandikiana na mafundi wa programu kuhusu ujumbe huo huo, nao wakanijibu kwamba seva yao haina tatizo. Mkutubi aliichukua simu, akaitazama kwa muda, akanigeuzia kioo bila kusema neno. Juu kabisa palisomeka tarehe 1 Januari 2015. Betri ya simu ile ilikuwa imechoka. Ikizima kabisa, saa ya ndani inarudi nyuma miaka, na mpaka simu ipate mtandao haijirekebishi. Leseni ilisema kitabu kinaanza kusomwa mwezi huu, simu ikasema mwezi huu haujafika. Kufuli lilifanya kazi yake sawasawa kabisa, na mtoto hakusoma.

Mwishoni mwa Mei leseni ya hadithi iliyopendwa kuliko zote iliisha: mara 26 zimetimia. Mkutubi alifungua daftari lake akahesabu majina. Waliokisoma walikuwa 9. Mara 17 zilizobaki ni za vitabu vilivyobonyezwa vikakataa kushuka, vikarudishwa na kubonyezwa upya. Maktaba ilitakiwa ilipe tena.

Kuvuja na kusimamishwa

Mwishoni mwa Agosti PDF ya kitabu kimojawapo cha ziada ilionekana kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Mchapishaji hakungoja. Siku ya pili ya Septemba alisimamisha leseni zote 38 za maktaba ile. Mkataba ulimruhusu, na kwa programu ile ilikuwa kazi ya kitufe kimoja. Vitabu vilitoweka hata kwenye simu za walioviazima jana yake. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye shule ya kata kipindi hicho anajua Septemba na Oktoba ni miezi ya namna gani.

Nilipewa ile PDF niichunguze. Sikuhitaji utaalamu mkubwa. Kila ukurasa ulikuwa na namba na mpangilio wa toleo la karatasi, ilhali EPUB yetu haina kurasa za namna hiyo. Maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo. Katikati ya kila picha palikuwa na kivuli cheusi cha mshono wa kitabu. Ukurasa wa 41 ulikuwa na alama ya vema ya penseli pembeni ya swali. Na kwenye kona ya ukurasa wa 17 lilionekana dole gumba lenye hina, limeushikilia ukurasa usijikunje. Mtu alikaa na kitabu cha karatasi, akakipiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, kurasa 112. Kufuli letu halikuhusika, na maktaba pia haikuhusika.

Nilipeleka taarifa ya ukurasa mmoja, na picha ya dole lile nikaiambatanisha. Hata hivyo ilichukua wiki saba kabla ya watu kukaa meza moja.

Maamuzi, na sababu zake

Kikao kilifanyika mwishoni mwa Oktoba, ndani ya maktaba yenyewe. Hilo la mahali lilikuwa ombi la mkutubi, na naona lilisaidia kuliko hoja yoyote niliyoleta. Mkurugenzi, yaani yule mchapishaji, alikaa kwenye benchi la wanafunzi kwa saa tatu na kuona watoto wakija kaunta, wakiuliza, wakiondoka.

Mezani palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kukaza kufuli zaidi. Hiyo ilikufa yenyewe, kwa sababu hakuna kufuli la faili linaloweza kumzuia mtu kupiga picha karatasi.

Ya pili ni kuondoa kufuli kabisa na kubaki na alama ya mnunuzi: jina au namba yake inapachikwa ndani ya faili, mahali panapoonekana na mahali pasipoonekana, ili faili ikivuja ijulikane ilitoka kwa nani. Nilitaja mfano wa Tor Books, wachapishaji wa Marekani walioondoa DRM, yaani kufuli la kidijitali, kwenye vitabu vyao mwaka 2012 na mwaka uliofuata wakaeleza kwamba hawakuona ongezeko la maana la uharamia. Kwa vitabu vinavyouzwa kwa mtu mmoja mmoja, mkurugenzi aliikubali. Kwa kuazimisha haikufaa, maana kitabu cha maktaba lazima kirudi, na faili isiyo na kufuli hairudi.

Ya tatu, ambayo ndiyo tuliyoichukua kwa maktaba, ni LCP, kinga iliyoandaliwa chini ya mradi wa Readium na kusimamiwa na shirika la EDRLab la Paris. Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza kaunta. Mwanafunzi anapata faili ndogo ya leseni inayosema kitabu gani, kuanzia lini hadi lini. Akiifungua mara ya kwanza anaulizwa neno la siri, na leseni yenyewe inampa kidokezo. Tuliweka kidokezo hiki: "namba ya kadi yako ya maktaba". Hakuna barua pepe, hakuna msimbo. Kitabu kikishashuka kinasomeka bila intaneti mpaka siku ya mwisho ifike, kisha kinajifunga chenyewe. Maneno machache yanaruhusiwa kunakiliwa, kwa kiwango ambacho mchapishaji anakipanga, na mwalimu anaweza kutoa aya moja kwa ajili ya zoezi bila kuiandika upya kwa mkono.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya namba 26. Mkutubi aliweka daftari lake mezani, majina 9 upande mmoja, mistari 17 upande wa pili. Mkurugenzi aliyasoma yote. Hatukubadilisha namba, tulibadilisha maana ya kuhesabu. Kwenye LCP kila leseni ina hali yake: inapotolewa huwa tayari, kifaa cha kwanza kikijiandikisha inakuwa hai, baadaye imerudishwa au muda wake umekwisha. Ikitolewa na kufutwa bila kuanza kutumika, hilo nalo linaonekana. Tuliandika kwamba kinachohesabiwa ni leseni iliyofika hali ya kuwa hai tu.

Kifungu cha kusimamisha nacho kilibadilika. Sasa mchapishaji anaweza kusimamisha kitabu kimoja chenye malalamiko, kwa ushahidi wa maandishi, baada ya siku 14, na aliyekwisha kukiazima anakimaliza. Hapo nilieleza kilichotokea mwaka 2019, Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu: Aprili walitangaza, Julai vitabu vikaacha kufunguka, wateja wakarudishiwa pesa. Mkutubi akamgeukia mkurugenzi: "Mzee, sisi pesa ikirudishwa, na mtihani nao utarudishwa?" Mkurugenzi hakujibu, ila kalamu yake ilisogea. Tuliongeza kwamba mtoa huduma wa mfumo akifunga biashara, mchapishaji ataipa maktaba leseni mpya za vitabu vilivyolipiwa kupitia mtoa huduma mwingine, na kwa ajili hiyo atatunza mwenyewe faili zisizo na kufuli za vitabu vyote.

Matokeo

Mfumo mpya ulianza muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata. Safari za kurudi kaunta kwa ajili ya kitabu kilichogoma zilipungua mpaka mkutubi akaacha kuziandika. Hadithi ile iliyokwisha mwezi Mei mwaka wa kwanza bado ilikuwa na nafasi za kuazimwa mwaka wa pili ulipoisha. Kwa mara ya kwanza mchapishaji aliwalipa waandishi wake mrabaha uliotokana na maktaba. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kilikuja na taarifa inayoonyesha ni vitabu vipi vilisomwa, na mwandishi mmoja alinipigia simu kuuliza kama ni kweli watoto wa wilaya ile wanasoma mashairi yake.

Mwanafunzi mmoja mwenye uoni hafifu alinufaika kwa namna ambayo hatukuwa tumeipanga. Kufuli la kwanza lilizuia kabisa programu ya kusoma kwa sauti. Kwa mashine, ukurasa ulikuwa mtupu. Kwenye kompyuta za maktaba tuliweka Thorium, programu ya bure inayotambua LCP, nayo ilimsomea. Nakiri kwamba sikuwa nimemfikiria mwanafunzi huyu wakati wa mkataba wa kwanza, na hilo linaniuma kuliko makosa yangu mengine yote katika kisa hiki.

PDF yenye dole gumba bado inazunguka.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kuchukua kufuli lililotengenezwa kwa msomaji mwenye simu yake peke yake, barua pepe yake na intaneti isiyokatika, tukamfungia mtoto anayesoma kwa zamu. Kila sharti, ukilitazama lenyewe, lilikuwa na maelezo mazuri. Yalipokutana kwenye simu moja yenye betri mbovu, mwazimaji mwaminifu ndiye aliyebaki nje, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyepita mlangoni. Aliyepiga picha karatasi hakuwahi hata kuona kufuli letu.

Kilichofanya kazi katika duru ya pili kwa sehemu kubwa hakikuwa teknolojia. LCP ilitupa faili tulivu na hesabu sahihi, na sipunguzi thamani yake. Lakini daftari la kalamu nyekundu ndilo lililomshawishi mkurugenzi. Kama mkutubi asingeandika kila jaribio lililoshindikana tangu Januari, tungekuwa na manung'uniko tu, na mchapishaji angekuwa na takwimu za seva zinazosema mara 26. Wakutubi wanaonisoma: andikeni tarehe, kitabu, kifaa, na ujumbe uliotokea kwenye kioo, neno kwa neno.

Kusimamisha vitabu vyote 38 kwa tuhuma ya kimoja lilikuwa tendo baya, na nililisema hivyo kikaoni. Namwelewa mchapishaji, kitabu kile kilikuwa mkate wake. Ila chanzo cha kuvuja kingeweza kujulikana ndani ya nusu saa kabla kitufe hakijabonyezwa. Tuliwapa wanafunzi wa kidato cha nne wiki nane za rafu tupu kwa sababu mfumo ulifanya adhabu kuwa rahisi kuliko uchunguzi.

Yapo ambayo hatukuyatatua. LCP nayo inategemea saa ya simu, kwa hiyo tarehe ya mwaka 2015 bado inaweza kukifunga kitabu. Dawa yetu ni mkutubi kutazama tarehe kabla ya simu kuondoka kaunta. Simu za zamani sana hazipokei programu zinazotambua LCP. Mwenye kitochi hana chochote katika mpango huu, na kwake maktaba imeendelea kununua karatasi, kama inavyopaswa. Huduma ya LCP pia ina ada, na mchapishaji mwenye orodha ndogo hawezi kuibeba peke yake. Yetu iliwezekana kwa kuwa mtoa huduma anawahudumia wengine pia.

Na liko moja ambalo bado tunabishana. Vitabu vipya vya ziada mchapishaji havipeleki maktaba mpaka toleo la karatasi liuzike kwanza. Nimemweleza kuhusu kampuni ya uchapishaji ya Macmillan ya Marekani, iliyoamua kuanzia Novemba 2019 kwamba mifumo ya maktaba iuziwe nakala moja tu ya kitabu kipya cha kidijitali kwa wiki nane za mwanzo, ikaacha mpango huo Machi 2020. Anasema Marekani si Dodoma, na hapo ana haki. Namjibu kwamba wilaya ile haina duka hata moja linalouza vitabu vyake, hivyo hakuna mauzo ya karatasi anayoyalinda huko. Tumekubaliana kukutana tena Januari, shule zikifunguliwa. Mkutubi ameshaanza ukurasa mpya kwenye daftari: majina ya wanafunzi waliokuja kuuliza vitabu ambavyo havimo, na tarehe waliyouliza.